Pua ya Fundi Makochi

Fundi makochi alifumba macho, akainamia kopo la kwanza. Kahawa. La pili, ndimu. La tatu lilimkawiza kidogo, halafu akacheka peke yake: sabuni ya kufulia. La nne lilikuwa gundi yake mwenyewe, ile aliyoitumia miaka thelathini bila kujua kwamba inanuka kiasi kile.

Akafumbua macho. Yote manne amepatia. Miezi minne iliyopita angeyanusa makopo hayo mpaka kesho na asisikie lolote. Alifunga karakana, akatafuta shati safi. Leo angekwenda kwa binti yake kuufungua mfuko.

Mambo yalikuwa hivi. Mkewe alikufa kwa maradhi ya kifua, mwanamke ambaye hakuwahi kutia sigara mdomoni hata kwa utani. Alianza na kikohozi cha kupuuzwa, kikakua, kikamkondesha, kikammaliza. Walipotoka makaburini, binti yao alilichukua sweta la mama, lile la kijivu alilovaa mpaka siku za mwisho, akalikunja na kulitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Nusa kwanza, baba, kabla sijaufunga," alisema.

Fundi alinusa. Hakusikia harufu yoyote. Akazamisha uso mzima, akavuta tena na tena mpaka kikohozi kikamkamata. Wapi! Sigara ilikwisha kuiua pua yake zamani, naye hana habari. Kumzika mke lilikuwa jambo moja. Kumkosa hata ndani ya sweta lake lilimvunja moyo kabisa.

"Ufunge," alisema. "Kaa nao kwako. Hapa moshi wangu utaliharibu."

Akaacha sigara jioni ile ile.

Lo! Kuacha si lelemama. Wiki za kwanza alitafuna chaki za kuchorea vitambaa, akamgombeza mteja ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza hali. Jirani yake, kinyozi, alitikisa kichwa. "Mazoea yana taabu, fundi. Utairudia tu." Kinyozi alingoja, akachoka kungoja.

Ulimi ndio uliotangulia kurudi. Miaka yote alikuwa akimlalamikia mkewe kwamba chakula hakina chumvi. Sasa alijipikia mwenyewe, akatia kijiko kilichojaa kama alivyokuwa akimlazimisha mkewe kutia, na tonge la kwanza likamshinda. "Nisamehe, mke wangu," aliliambia sufuria, akaketi jikoni akalia.

Kisha pumzi. Alishika upande mmoja wa kochi la watu watatu, akalipandisha ghorofa ya pili, na aliyeomba wapumzike ngazini alikuwa mwenye kochi. Kikohozi cha asubuhi kikaaga. Daktari alimsikiliza mgongoni, akamwambia, "Mzee, endelea hivi hivi. Kifua chako kinapona."

Pua ndiyo iliyojivuta, naye akaingojea kwa adabu. Ufundi ulikuwa umemfunza jambo moja: mtu husahau, kitambaa hakisahau. Pasua kochi la mtu na utajua kama anafuga paka, na kama watoto wake walilowesha. Basi alivua mapazia yote, akatupa sponji za makochi ya sebuleni na kuweka mpya, akapaka kuta rangi. Hakutaka harufu yoyote ishindane na ya mkewe.

Harufu yenyewe hakuikumbuka, na hilo ndilo lililomtesa. Alikumbuka tu kwamba siku zile wameoana ilikuwa ikimfanya aweke nyundo chini mapema arudi nyumbani. Alikumbuka pia maneno ya mkewe kila alipopanda kitandani: "Bwana wee, wenzako wananukia, wewe unanuka." Wakacheka, wakalala.

Wiki iliyopita binti alimpigia simu. "Bado yumo, baba. Nimelegeza mafundo kidogo tu, nikalia. Ananukia vile vile alivyonukia alipokuwa akinibeba mgongoni."

"Usifungue tena!" fundi alimkaripia. "Utammaliza!"

Nyumba ya binti ilikuwa ghorofa ya nne. Alizipanda ngazi zote bila kusimama, akabisha hodi moyo ukimdunda kama wa bwana harusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mfuko uko wapi?"

Ulikuwa mezani. Binti alikwisha kufunga madirisha ili upepo usiibe kitu. Fundi alifungua fundo la kwanza. La pili lilimsumbua. La tatu alilifungua kwa meno, kama afanyavyo na uzi kazini. Akalitoa sweta, akafumba macho, akazamisha uso, akavuta pumzi ndefu kwa kifua chake kizima kilichopona.

Akavuta mara moja tu. Mara ya pili haikuhitajika.

Aliinua uso taratibu, akatazama huku na huku: mezani, dirishani, kwenye mikono ya binti yake.

"Nani anavuta sigara humu ndani?"

"Sigara? Hakuna anayevuta humu, baba." Binti alilipokea sweta, akaliweka usoni, akalikumbatia huku machozi yakimtiririka. "Huyo ndiye mama. Si nilikwambia bado ananukia?"