Bila Ngano, Bila Maziwa

Muuguzi alimshusha Nasra kwenye mzani, akampandisha tena, kana kwamba mara ya pili namba ingebadilika. Haikubadilika. Kilo kumi na mbili na nusu, na mtoto ana miaka sita.

"Mama, huyu anakula nini?"

Zuhura aliangalia sakafu. Nyuma yake benchi zima la akina mama liligeuka kumtazama.

"Anakula kidogo kidogo."

"Nimeuliza anakula nini."

Angesemaje mbele za watu kwamba chakula kipo, kwamba mume wake Shabani analima viazi na kabichi, ng'ombe anakamuliwa kila asubuhi, na aliyemnyima mtoto ni yeye mwenyewe, mama mzazi?

Nasra alikuwa na usonji. Alikuwa hasemi, na tangu alipoachishwa ziwa alikubali vitu vitatu tu: chapati, mkate na maziwa. Makande aliyatema. Viazi, hata vikipondwa laini kama uji, alivisukuma mpaka sahani ikaanguka. Majirani walisema amedekezwa. Lakini kwa vitu hivyo vitatu alikua, akakimbia, akacheka peke yake kwenye matuta ya kabichi.

Kisha ukaja mkutano wa wazazi wa watoto wenye usonji, ule wanaoufanya kila mwezi Lushoto mjini. Siku hiyo alisimama Yusta, mama yake Kristian, kutoka Mlalo. Alikuwa mkubwa kuliko wengi wao, mwanakwaya, mtu ambaye akisema jambo watu husikiliza. Alisema ametumiwa ujumbe wa sauti kwenye simu, kwamba ngano na maziwa ndivyo vinavyowavuruga watoto hawa. Ameviondoa wiki tatu sasa. Kristian ametulia, analala usiku kucha, na juzi ametamka "mama".

Watu walipiga makofi. Mmoja alilia waziwazi. Zuhura alitoka pale ameshaamua.

Siku ya kwanza Nasra aligonga kichwa ukutani mpaka paji likavimba. Siku ya tatu alimshika mama yake mkono, akamvuta hadi jikoni, akauweka ule mkono juu ya kikaango kilichokuwa hakina kitu. Siku ya saba akaacha kulia. Zuhura akamwambia Shabani, "Naona imeanza kumsaidia."

Wiki ya pili alimpigia Yusta simu. Yusta alisema tu, "Kila mtoto na mwili wake, Mama Nasra," na simu ikakatika. Baada ya hapo hakupokea tena. Walipokutana sokoni, Yusta alihamishia kikapu chake upande wa pili, akasema anawahi gari la Mlalo. Zuhura alimwangalia akiondoka karibu mbio. Akaona ameelewa: mwenzake amesikia kwamba Nasra hapati nafuu, na hataki kuhusishwa na mama aliyeshindwa.

Siku ile ya mzani Nasra alilazwa hospitalini. Mtaalamu wa lishe wa wodi ile, dada mmoja mpole, hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Hakuna chakula ambacho ukikiondoa usonji unakwisha, mama. Na mtoto anayekula vitu vitatu, ukimwondolea vyote vitatu, umemwachia nini?"

Zuhura alikaza macho kwenye vidole vyake.

"Tutamrudishia chapati yake na maziwa yake, taratibu. Akipata nguvu tutaanza kuweka kitu kipya pembeni ya sahani. Kidogo tu, saizi ya punje ya harage. Asipokigusa, usimlazimishe. Kesho unakiweka tena. Wengine huchukua wiki, wengine miezi."

Siku ya tatu wodini, saa ya kuona wagonjwa, Yusta alitokea mlangoni na chupa ya chai. Alisimama pale muda mrefu, kama mtu aliyekosea wodi.

"Shikamoo, Mama Kristian."

"Marahaba." Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akautazama mkono wa Nasra. Zuhura akavuta shuka haraka kuufunika.

"Nisamehe," alisema Zuhura. "Nimekuaibisha. Wewe ulituonyesha njia, mimi nikaifuata vibaya. Kuna siku nilishindwa kabisa, nikampa kipande cha chapati nyuma ya nyumba, Shabani asione. Akatapika. Nikajua nimeharibu kila kitu, nikaanza upya kutoka siku ya kwanza."

Yusta aliizungusha chupa ya chai mikononi.

"Hapa wananiambia haisaidii," Zuhura aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, maana kitanda cha pili kilikuwa karibu. "Lakini wewe ilikusaidia, wote tulikusikia. Kwa hiyo shida ni mimi. Niambie tu nilikosea wapi. Kristian alilia siku ngapi?"

"Nne."

"Nne tu?" Zuhura alitikisa kichwa. Wake alikuwa amelia sita, na ile mara ya pili hakuhesabu. "Ulikuwa na moyo, dada yangu. Mimi kila alipolia nilitamani kukimbia nyumba. Na siku ya tano ulifanyaje?"

Yusta aliiweka chupa ya chai sakafuni. Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni, na hakuyafuta.

"Siku ya tano nilimpa mkate."