Ishara ya Refa Ishimure

“Na hii?” Aoyagi alisimamisha picha kwenye skrini.

Refa Ishimure alijiangalia, enzi za nywele nyeusi, amesimama katikati ya ulingo na mikono ameipishanisha juu ya kichwa kama mkasi. Miguuni pake alilala mtu.

Kila mwanamieleka wa Japani anaijua ishara ile: huyu ameumia kweli, simamisheni, leteni machela. Lakini Aoyagi hakuwa mwanamieleka. Alikuwa msichana wa kampuni ya gemu za video iliyoinunua Raiko, kampuni ya mieleka ya Osaka, pamoja na ulingo wake, basi lake bovu na wanaume wake wote. Kazi yake ilikuwa kukusanya miondoko ya kutia kwenye gemu. Na Ishimure alifunzwa na waliomtangulia kwamba mtu wa nje haambiwi. Ukishamwambia huyu ameumia kweli, umeshamwambia kwamba wale wengine wote walikuwa wanajiangusha.

“Aa, hiyo? Mbwembwe tu,” alisema. “Nawapandisha mashabiki mori.”

Aoyagi akaitikia kwa kichwa, akasogeza picha nyingine.

Ishimure hakulifikiria tena. Kilichomnyima raha kilikuwa shingo mbovu ya Tokumaru, mwanamieleka nyota wa Raiko. Sura ya Tokumaru ndiyo iliyopigwa chapa kwenye kasha la gemu, na yeye ndiye angepigana siku ambayo mabosi wapya wangeizindua Raiko yao. Mchana mmoja, wote wakiwa wamezunguka sufuria la mchuzi wa kuku, vijiti vya kulia vilimponyoka akaviokota, vikamponyoka tena.

“Vidole vimekufa ganzi?” Ishimure aliuliza.

“Vimechoka kuhesabu makosa yako ulingoni, Mzee.”

Wenzake wakaangua kicheko. Ishimure hakucheka.

“Toku, kataa pambano hili.”

“Nikatae, halafu? Mabosi wamesema bila mimi hakuna uzinduzi, na bila uzinduzi hawa wote wanarudi makwao.” Akashusha sauti. “Moja tu, Mzee. Kisha nafungua kibanda changu cha tambi, uje unikosoe na huko.”

Ishimure alikwenda kwa mabosi akainama mpaka kiuno kikamuuma. Waliahirishe? Haiwezekani, tiketi zimekwisha. Basi awepo daktari, si yule babu wa zamani aliyekuwa akisinzia chumba cha kubadilishia nguo, daktari hasa, karibu na ulingo. Hapo wakakubali bila ubishi. Walimtafutia bingwa wa mishipa na uti wa mgongo, wakamwekea kiti mbele kabisa, na gari la wagonjwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu Raiko iuzwe, Ishimure aliwashukuru kwa moyo mweupe.

Siku ya pambano kamera za kampuni zilikuwa kila kona ya chumba cha kubadilishia nguo. Daktari Mizobuchi alikuja kujitambulisha, mtu mpole mwenye miwani.

“Gemu yenu nimeicheza mpaka mke wangu kaninunia,” alisema, kisha akawa makini. “Sikiliza, Ishimure-san. Shingo ikipata mshtuko, asimguse mtu kabla yangu. Na nisichelewe. Wewe nipe ishara tu.”

“Utaiona.”

“Ishara gani?”

Ishimure aliitazama kamera iliyowaelekea, kitaa chake chekundu kinawaka. Maisha yake yote alikuwa ameufumba mdomo.

“Huwezi kuikosea, Daktari. Wewe niangalie mimi tu.”

“Sitabandua macho,” alisema Mizobuchi, na Ishimure akamwamini.

Karatasi za rangi zilimiminika ulingoni, kengele ikalia. Tokumaru alipigana vizuri, vizuri kuliko alivyopaswa kupigana. Kisha mpinzani wake akambeba juu, mikono ikateleza kwa jasho, akamtua vibaya. Ishimure aliusikia mlio wa mfupa.

Alipiga magoti akamminya kiganja, kama marefa wanavyomminya aliyeanguka, na aliye mzima huminya naye. Kiganja cha Tokumaru hakikujibu.

“Toku?”

“Mzee,” Tokumaru alinong’ona, “miguu yangu iko wapi?”

Ishimure alisimama akainua mikono juu ya kichwa, akaipishanisha.

Mpinzani aliiona, akaganda kwenye kamba. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Safu kwa safu, watu waliinuka wakapishanisha mikono juu ya vichwa vyao, kama gemu ilivyowafundisha. Ishimure alipiga kelele ambazo yeye mwenyewe hakuzisikia, akageukia kiti cha mbele.

Daktari Mizobuchi alikuwa amesimama, hajabandua macho kwake, anacheka kwa furaha, na mikono ameipishanisha juu ya kichwa.