Kamba ya Kona Mbili

Fundi Yosia alikuwa amevuka mpaka kuja kuwafundisha wanaume wa kanisa ujenzi pamoja na Neno. Siku ya kujenga nyumba ya mama wa ndugu wawili wa kanisa hilo, alimpa Elifazi ncha ya kamba ya kunyooshea ukuta kwenye kona moja, na kaka yake Nikodemo ncha nyingine kwenye kona ya pili. Ndugu hao hawakuwa wamesemezana tangu matanga ya baba.

"Kamba ni moja, wapendwa," alisema Yosia. "Mnasali pamoja, basi ivuteni pamoja."

Elifazi aliona kamba imeshuka upande wa kaka yake. Angeweza kunyamaza, lakini mama angelala katika nyumba yenye ukuta uliopinda.

"Kaka, inua kidogo."

Nikodemo alisita, kisha akainua. "Hapa?"

"Hapo hapo."

Wakaanza kupanga matofali, kila mmoja kutoka kona yake akimwelekea mwenzake.