Mwite Kama Unavyomwita Nyumbani

Neno lenyewe lilikuwa la herufi nne tu, na bado lilikataa kumtoka mdomoni.

Binti alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima, kipaza sauti mkononi, risala ya kumshukuru mzazi wake ameshaimaliza. Miaka thelathini ya kufundisha chekechea. Miaka ishirini na sita ya kujitolea kanisani: kufua vitambaa vya madhabahu, kuvipiga pasi, kupanga maua, kuandaa chai ya wageni. Watu walikuwa wamepiga makofi mpaka viganja vikawauma. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo kabisa.

"Haya, sasa mwite mzazi wako aje apokee zawadi yake," Mchungaji alisema, tabasamu limemjaa usoni. "Tena mwite kama unavyomwita nyumbani!"

Waumini wakacheka. Wao walimjua Mama tangu zamani. Balaa lilikuwa benchi la tatu, ilipokaa kwaya ya wageni kutoka kanisa la jirani. Pale katikati, ndani ya sare ya kijani, alikaa mkwe wake mtarajiwa, mama wa mchumba wake, macho yamemtoka. Binti hakujua kwamba kwaya iliyoalikwa ndiyo ile. Angejua, angeumwa tumbo tangu Ijumaa.

Maana mkwe alikuwa ameambiwa mengine kabisa.

"Mimi sina wazazi," binti alimwambia siku ya kwanza alipokaribishwa kwao. "Mama alifariki nikiwa na miezi minane. Nimelelewa na shangazi."

"Pole, mwanangu. Basi kuanzia leo niite mama."

Na akamwita, mbele za watu, bila hata kujikwaa. Uongo ule ulikuwa na nusu ya ukweli ndani yake, na hiyo nusu ndiyo iliyomwezesha kulala.

Aibu ilianza akiwa darasa la tatu, siku ya wazazi shuleni. Mbio za akina mama: kijiko mdomoni, yai juu ya kijiko. "Akina mama, jipangeni!" Mama akavua viatu, akajipanga na wenzake. Jamani, Mama alikimbia! Aliwaacha wote nyuma, yai halikutikisika, na uwanja mzima ukaangua kicheko mpaka mwalimu mkuu akashika mbavu. Mama naye alicheka, akainamisha kichwa avishwe taji la karatasi. Binti alijifungia chooni mpaka sherehe ikaisha.

"Mama yako yule!" wenzake walimwimbia wiki nzima.

Tangu siku hiyo, mbele za watu, hakulitamka tena lile neno. Alisema "mwalimu." Wakati mwingine alisema "wewe." Mama aliitikia yote.

Na vituko havikuishia hapo. Mama alijifunza kusuka ukubwani, kwa kuchungulia vidole vya jirani, kwa hiyo binti alikwenda shule na mistari iliyokwenda kombo kichwa kizima. Binti alipovunja ungo, Mama alimkalisha sebuleni, akafungua kitabu cha baiolojia, akamsomea sura nzima bila kuinua macho hata mara moja, kisha akakimbilia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

Na asubuhi hii, kabla ya kuja kanisani, shangazi yake alipokuwa akimfunga zipu ya gauni, alikuwa amemsema.

"Utamwonea haya ndugu yangu mpaka lini? Chupa zako za maziwa alikuwa anazichemsha mwenyewe, halafu anakwenda kufundisha na wewe mgongoni. Neno lako la kwanza ulimwambia yeye. Mwalimu mzima, anayesahihisha hata vibao vya dukani, lile neno hakulisahihisha. Aliitika tu."

"Shangazi, tutachelewa."

"Tuchelewe. Mtu hakutafuta hata mwenzi mwingine, kwa ajili yako wewe."

Sasa alikuwa amesimama pale, jasho limelowesha kipaza sauti. Mkwe alikuwa amemwinamia jirani yake, anamnong'oneza. Harusi ilikuwa imebaki wiki sita. Angeweza kusema "Mwalimu," watu wangepiga makofi, na jioni angetunga maelezo mazuri ya kumpelekea mkwe: mlezi wangu, msamaria mwema, rafiki wa shangazi. Alishaanza kuyapanga kichwani. Ndipo alipojisikia anavyoyapanga, na aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Safari hii alijua ni aibu ya nani.

"Mkwe wangu yupo hapa leo," alisema. "Nilimwambia nimelelewa na shangazi. Nilimdanganya. Nilimwonea haya mtu aliyenilea, naye hajawahi kunionea haya hata siku moja. Mkwe, nisamehe. Ukitaka kuondoka, nitaelewa."

Vichwa vikageukia benchi la tatu. Mkwe hakuondoka. Aliweka kitabu chake cha nyimbo mapajani, akasubiri.

Binti akavuta pumzi, akaita kwa sauti kubwa, kama anavyoita nyumbani akifungua mlango.

"Mama!"

Kwenye safu ya akina mama wa maua, katikati yao, aproni nyeupe kama za wenzake, mzee mmoja akainuka taratibu.

"Naam, mwanangu," akaitika kwa sauti yake nzito ya besi, machozi yakimchuruzika mpaka ndevuni.