Mkwe Mwenye Vyuma Mgongoni

Maneno yalimkuta dobi ameshika pasi ya moto.

"Mama, usinitaje," mteja alisema huku akipokea shati lake. "Mkweo anampiga mwanao. Mtaa mzima unajua."

Dobi akacheka. "Yule? Atampigaje, naye anashinda kwenye kiti cha magurudumu?"

"Iliyokufa ni miguu. Mikono je?"

Mteja akaenda zake, maneno yakabaki. Siku ile dobi aliunguza kola ya shati la watu, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Akila, maneno yapo. Akifumba macho, yapo. Mzazi akishasikia neno kama hilo halimtoki.

Na ni kweli, mkwe alikuwa na mikono. Alikuwa fundi paa, akaanguka kutoka juu ya ghala, uti wa mgongo ukaumia. Madaktari walimfunga vyuma na skrubu kuanzia chini ya shingo hadi katikati ya mgongo. Kifuani kushuka chini hasikii hata ukimchoma sindano. Lakini kusukuma magurudumu kulimjaza mabega, na kwenye meza yake ya kutengeneza redio alikaza nati kwa vidole vitupu.

Kesho yake dobi alipita saluni, bintiye anakosukia watu nywele. Binti alikuwa amejifunika mtandio hadi shavuni. Mama akauvuta. Shavu lilikuwa limevimba, jeusi, na alama pana ya mviringo.

"Nimejigonga mlangoni."

"Mlango gani huo wenye ngumi?"

"Mama, nina mteja."

"Na mbavu unazozishikilia, nazo zimejigonga?"

Binti alikitazama kitana mkononi. "Nilimwahidi sitasema. Basi, usiniulize tena."

Hapo dobi akaona ameshaambiwa yote.

Alimfuata mwanawe wa kwanza sokoni. Huyo ni mpakuzi wa magunia, wenzake humwita Winchi. "Dada yako anauawa polepole," alimwambia. Winchi alishusha gunia alilobeba. Alijipangusa vumbi la unga, akatangulia mbele.

Walifika mchana. Kabla hawajabisha hodi kikasikika kishindo ndani, kisha mguno wa binti, mfupi, wa mtu aliyekatwa pumzi. Halafu sauti ya mume: "Nisamehe, mke wangu. Nisamehe jamani."

"Unamsikia?" mama akasema. "Ndio zao hao. Wakishapiga, wanabembeleza."

Winchi akaupiga mlango bega, kitasa kikang'oka.

Binti alikuwa sakafuni, upande wa miguuni mwa kitanda, damu inamtoka mdomoni. Mume alikuwa amelala ubavu kitandani, jasho linamtiririka usoni. Kando yake kulikuwa na mkanda mrefu wa ngozi. Dobi alipouona ule mkanda, macho yake yakaingia giza.

"Kumbe na mkanda pia!"

"Mama, hapana, huo mkanda ni wa..." Binti alikohoa, akatema jino.

"Shemeji, subiri nikueleze," mume akasema.

"Nisubiri umalize kuua?" Winchi akamkamata shingo kwa nyuma, akamvuta kama anavyovuta gunia kutoka juu ya lori. Mwili wote ukaanguka sakafuni. Kitu kikalia, kau, kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Winchi alidhani ni kitanda. Akampiga ngumi ya mdomo, akaongeza ya sikio. Mama naye akauokota mkanda, akawa anachapa na kutaja: "Huu wa shavu! Huu wa mbavu! Huu wa jino la mwanangu!"

"Mgongo wake!" Binti alikuwa anatambaa. "Kaka, mgongo wake!"

"Bado unamtetea? Amekulisha nini huyu?"

Mume hakurudisha hata kofi. Alikuwa chali. Ile mikono iliyosemwa mtaa mzima ilikuwa imelala sakafuni, viganja juu, na mkanda uliposhuka usoni haikuinuka kukinga.

"Mbona leo hupigi?" Winchi akamkejeli. "Inuka upige, mwanamume wa kupiga wanawake!" Akazunguka upande wa miguu, akainama, akaishika amburute hadi nje watu wamwone.

Miguu ikaruka.

Kisigino kilimpata Winchi shavuni, kikambwaga ukutani. Mguu wa pili ukafuata, ukapasua ubao wa kitanda, ukarudi, ukapiga tena na tena. Na mwenyewe ametulia, macho darini, kama mtu asiyejua kuna nini huko chini.

Ndiyo sababu yameandikwa haya, kwa wazazi na kwa mabinti zao:

Usimvute mwenye vyuma mgongoni kwa shingo wala kwa makwapa.

Usikae kimya miguu iliyokufa ikianza kurusha mateke yenyewe zaidi kuliko zamani. Huenda skrubu imelegea. Mpelekeni apimwe.

Usikubali mumeo akuapishe kuficha kwa kuwa anaogopa kupasuliwa tena.

Usimgeuze kitandani peke yako.

Usiuone mkanda wa kumfungia miguu ukaufanya ushahidi.

Usipokee habari za ndoa ya mwanao kutoka kwa mtu anayesema usinitaje.

Usimwambie binti yako arudi nyumbani. Hawezi. Ana mume asiyeinua tena mikono, wa kulishwa kwa kijiko.