Kanga Aulizwa

Nguchiro alikamatwa akila mayai ya Kanga. Nyati alitaka avunjwe miguu, ili wengine waogope. Korongo, aliyekuwa hakimu, alitaka kwanza kujua chanzo.

"Hukuwa mwizi, Nguchiro. Umepatwa na nini?"

"Njaa, bwana hakimu. Chakula chetu ni mchwa, na kichuguu chetu kimesagwasagwa."

"Na nani?"

Nguchiro alimtazama Nyati. Nyati akainamisha pembe. "Nilikuwa najikuna tu," alisema.

Korongo alishangaa. Akamgeukia Kanga, ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza neno. "Nawe mwenye mayai, wataka nini?"

Kanga alifikiri. "Miguu yake ikivunjwa, mimi nitapata nini? Nyoka naye hunilia mayai. Nguchiro akae kwangu anilindie, nitampa panzi."

Msimu ule, Kanga alitotoa vifaranga wake wote.