Presha ya Mzee Mhina

"Imepanda tena, daktari," Raheli, mke wa Mzee Mhina, alisema kwenye simu, huku anahema. "Mia na tisini kwa mia na kumi."

Daktari Simeo alifumba macho. Yeye alikuwa Korogwe, Raheli alikuwa Chanika, kule Handeni, na kati yao palikuwa na vumbi na mnara wa simu. Tangu wafanyakazi wa zahanati wapunguzwe, simu ya mkononi ndiyo iliyokuwa miguu yake. Aliwagawia wagonjwa wa presha mashine ndogo za kupimia. Jamaa zao wakawapima nyumbani kila asubuhi, wakamsomea namba, naye akawapangia dawa. Wengine wote presha zao zilikuwa zinashuka. Ya Mzee Mhina tu ndiyo iliyogoma kama punda.

"Dawa anameza?"

"Namsimamia mpaka ameze. Lakini anazidi kulegea, daktari. Akisimama anaona giza. Shamba nalima mwenyewe, maji nachota mwenyewe, na kumwinua yeye ni mimi."

"Unapima mkiwa mmetulia?"

"Mbona tunatulia."

Simeo akaongeza dawa, kama alivyoongeza mwezi uliopita. Alikuwa amechoka, amechoka na namba, amechoka na foleni iliyomngoja mlangoni. Na alimwogopea mzee yule. Mshipa ukipasuka kichwani, hakuna simu ya kumrudisha mtu.

Kesho yake namba ilikuwa ileile, na mzee alikuwa ameanguka akienda chooni. Simeo akawaomba radhi wagonjwa wake, akapanda basi la Handeni.

Alimkuta Mzee Mhina kwenye mkeka, midomo mikavu, viganja vya baridi.

"Shikamoo, mzee."

Hata kuitikia kulimshinda. Simeo akamfunga kipimo chake mwenyewe mkononi, akasikiliza, akarudia. Presha ilikuwa chini mno, ya mtu aliyebakiza kidogo azimie. Muda wote ule alikuwa anamshindilia mzee wa watu dawa juu ya dawa!

"Mama, msimpe tena zile dawa. Mashine yenu mbovu, imetudanganya."

"Si mbovu, daktari," Raheli alisema pale mlangoni, akitua ndoo ya maji kichwani. Alijifuta jasho, akashika ukuta kidogo, kisha akajiachia kwenye kigoda. "Mzee hataki kubanwa mkono. Alikataa tangu siku ya kwanza, na mimi sikutaka kukusumbua. Nikasema, si tunakula chungu kimoja, tunalala kitanda kimoja?"

Akakunja mkono wa gauni lake, akajifunga kile kitambaa cha mashine upesi kama mtu aliyezoea, akabonyeza.